Bia Aliyoapa Kutoitaja

Josphat alikuwa na pua ya kazi. Mpe chupa ya bia ya ale aifungue na kuinusa mara moja, atakuambia imetiwa maua gani ya hopsi. Cascade hunukia ganda la balungi. Fuggle hunukia udongo baada ya mvua. Saaz ina majani makavu na pilipili manga kwa mbali. Miaka yote aliyofanya kazi katika kiwanda kidogo cha bia jijini Nairobi hakuna aliyemshinda kwa hilo, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Sasa pua hiyo imeajiriwa Jeddah, kuonja kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi. Wakenya wenzake wa mtaa wa Al-Mahjar humcheka mpaka wakashika mbavu: mtu wa bia kaenda kutafuta riziki Saudia! Mshahara ni mzuri na kafili, mwajiri aliyemdhamini, hana neno, lakini Josphat ana hamu isiyokwisha. Kinywaji cha hapa huchujwa mpaka kikang'aa. Ale ya chupa aliyoizoea ilikuwa hai. Hamira ilibaki humo ndani ikifanya kazi yake polepole, hata chupa mbili zilizofungwa siku moja zikawa na tabia tofauti, kama pacha.

Tabu ilianza alipompenda Emmaculate, aliyeketi naye kwenye ndege ya kutoka Nairobi. Emmaculate ni mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Naseem, Riyadh, na mume mlevi hamtaki hata kwa dawa. Marehemu baba yake alikunywa shamba, akanywa ng'ombe, akamalizia na mabati ya jikoni. Kwa hiyo, kabla ya uchumba wowote, Josphat alipaswa kukaguliwa na Auntie Velma, dada wa huyo baba. Auntie ni muuguzi hapo hapo Riyadh, mwanamke asiyeamini hata soda yenye povu jingi.

"Ukitaja bia tu, halas, imekwisha," Emmaculate alimwonya kwa simu. "Auntie akisema mafi, yaani hakuna, ni mafi. Sitakutetea."

Josphat akapanda basi la Riyadh na katoni ya vinywaji vya kiwandani kwao, akiapa njia nzima kwamba bia hataitaja. Sebuleni kwa Auntie Velma alisifu pilau, akasifu mapazia, akaongelea joto mpaka joto lenyewe likamchosha. Bia hakuitaja. Kisha akaombwa amimine vinywaji.

Mikono ikamsaliti. Aliinamisha glasi, akamimina taratibu kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, na katika kila chupa akabakiza kiasi cha kidole kimoja.

"Mbona unatupunja, my son?" Auntie akauliza.

"Ni mashapo, Auntie. Hamira hukaa chini. Ukimimina yote, glasi inachafuka."

Auntie akainua chupa dirishani. Ilikuwa safi kabisa. "Mashapo yako wapi?"

Josphat angeweza kudanganya. Badala yake, maskini, akaanza kueleza. Akaeleza chupa zinazoendelea kukomaa kabatini, akaeleza balungi na udongo wa mvua, akaeleza povu linavyotua, na alipofika kwenye Saaz machozi yalikuwa yanamlengalenga. Emmaculate alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Huyu ni mlevi," Auntie akahukumu. "Mlevi mkavu, lakini mlevi. Umelewa mara ngapi maishani?"

"Mara moja, Auntie. Kesho yake sikusikia harufu ya kitu chochote. Niliogopa sana. Sijarudia."

Auntie akafungua mdomo kumfukuza. Emmaculate akamwahi.

"Auntie, baba hakuwa anajua hata anakunywa nini. Alikuwa anarudi home ananiita Lydia, na Lydia mwenyewe, dada yangu, anamwita Emily. Huyu anajua kila ua kwa jina lake."

Auntie Velma aliiweka glasi yake mezani, na aliposema, sauti haikuwa ile ya kukagua watu.

"Hata mimi alinisahau, na tulinyonya titi moja."

Akajifuta macho kwa kiganja, akamgeukia Josphat kwa hasira ya mtu aliyeonekana akilia.

"Umekaa tu hivyo? Enda uoshe vyombo. Wakwe zangu huwa wanaosha."