Kisu Kilichopiga Magoti Kanisani

Leo nacheka, lakini Jumapili ile nilitamani sakafu ya kanisa ipasuke inimeze pamoja na suti yangu ya harusi niliyoivalia mnada.

Mnajua mimi nilikuwa fundi wa mageti hapa Kakamega, na geti ni kazi ya maana, sikatai, lakini nikaingiwa na kichaa cha visu (niliviona kwa simu, usingizi ukanipotea) hadi mke wangu Ayuma akachoka. "Baba Sheila," akaniambia, "kama hiyo visu haitapata wateja mwezi hii, unarudi kwa mageti." Basi nikapiga hesabu yangu. Kanisani kwetu wakati wa mavuno watu huleta kuku, ndizi, miwa, vyote vinapigwa mnada, na Mzee Shikuku mwenye buchari kubwa sokoni hakosi. Mzee akinunua kisu changu, wauza nyama wote watanifuata, na mageti kwaheri.

Kisu nilikitoa kwenye springi ya pikapu, nikakifua, nikakipasha moto, nikakizamisha kwenye oili, kikawa kigumu hata tupa inateleza tu juu yake. Shingoni, pale ambapo mpini ungeanzia, nikakivisha pete ya brasi, ile shaba ya njano, niliyochonga kutoka kwa kufuli nzee, lakini pakabaki mwanya mdogo, wa kupitisha ukucha tu. Mukabana, mwenzangu wa karakana, akautazama. "Weka gundi, wacha ikauke. Usirudishe moto hapo, utaharibu." Mimi nikaona gundi ni ya wavivu (na mnada ulikuwa kesho yake), nikawasha gesi, nikauziba mwanya kwa brasi iliyoyeyuka. Chuma kikageuka samawati shingoni, nikasema heee, hata rangi imejileta yenyewe! Kumbe huo ndio ugumu wa kisu uliokuwa ukiniaga, moto umekilainisha tena. Nikafunga mpini wa mpera kwa misumari ya shaba nyekundu niliyoikata kwenye waya wa stima, nikakisugua kisu hadi nikaona meno yangu ndani yake.

Mchungaji alipokiinua, kanisa liliguna. Mzee Shikuku akapandisha bei, Mama Rehema wa chama cha akina mama naye akapandisha, na ningekaa kimya mambo yangeisha salama, lakini mdomo wangu nao. Nikasimama bila kuitwa. "Mzee, hicho hata mfupa hakiogopi! Jaribu na hiyo miwa!"

Mzee akaulaza muwa juu ya benchi, akapiga pigo moja la buchari. Muwa haukukatika. Kisu ndicho kilichopinda shingoni, kikainamisha kichwa kama mtu anayeombewa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikakikimbilia, nikakinyoosha kwa goti mbele ya madhabahu, kikapinda upande wa pili, nikakirudisha kwa nguvu zaidi, na ile pete niliyoitunza kuliko ndoa yangu ikapasuka, ikachomoka, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mchungaji.

"Fundi," Mzee Shikuku akauliza taratibu, "hii ulitengenezanga ama ulipikanga?"

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka, kisha kanisa zima. Hilo ningelivumilia, lakini nilimwona Ayuma hacheki, ameinama anakunja leso yake, na hapo nikaumia kweli.

Kicheko kilipopoa Mama Rehema akasimama. "Wacheni huyo. Mimi nachukua hiyo kisu. Anyoroshe, atoe makali, tupakie watoto wa Sunday school siagi kwa mkate. Hata wakipiganianga haitawakata."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi kilichopinda ni kisu, kwa hivyo nashukuru. Nimeapa: chuma kikishaonja oili, moto na mimi tumeachana, na gundi nanunua ya kutosha. Sasa natengeneza visu vinavyokata hata unywele, vimejaa rafuni, hakuna anayeviuliza. Wanaobisha hodi ni akina mama. "Fundi, nataka ile yenye inang'aa kama ya Mama Rehema, lakini tafadhali, usiweke makali." Ayuma ndiye anayewapokea, anacheka mpaka anashika mlango, na kwa mageti hajanirudisha.

Ila nikipita sokoni nazungukia nyuma ya buchari, maana Mzee Shikuku akiniona tu huinua kisu chake cha dukani na kuniuliza, mbele ya wateja, kama leo nimekuja na siagi.