Siku Baba Alipomwelekeza Kambare Kibla

Nilikodi boti kwa siku nzima kwa sababu moja tu: ndani ya boti, baba hangeweza kuinuka na kuniacha nikiongea peke yangu. Nyumbani ndiyo dawa yake. Ukigusa jambo asilolitaka, ghafla anakumbuka kwamba hajaswali, au kwamba kuna mtu anamngoja sokoni, na mara unasikia mlango ukifungwa. Majini angeenda wapi?

Jambo lenyewe lilikuwa mikono yake. Baba amekuwa mchinjaji na muuza nyama mjini Meru tangu kabla sijazaliwa. Wiki mbili kabla ya safari hiyo, msimamizi wa machinjio alimpigia simu kaka yangu, ambaye siku hizi ndiye anayesimama buchani. Alimwambia mzee alikuwa anachinja mbuzi, mkono ukatetemeka, kisu kikamponyoka katikati. Mbuzi aliteseka. Haikuwa kwa muda mrefu, lakini kwa baba hata pumzi mbili ni nyingi. Nyama ile alikataa isiingie dukani. Akarudi nyumbani na kutuambia ana mafua.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia kaka. Akanijibu kwamba methali hizo nimpelekee mwenyewe.

“Wewe binti yake ndio anakuskiza,” alisema. “Mimi ataniuliza kama nimechoka kungoja afe.”

Wazo la kuvua lilitoka kwa mwenzangu wa ofisini. Alikuwa amenionyesha picha za bwawa moja kule Mbeere, chini ya Embu, ambapo kuna mtu huwachukua wageni kwa boti yake asubuhi hadi jioni, akawaonyesha samaki waliko na kuwaazima fimbo za kuvulia. Nilimweleza baba nikijua atakataa. Kwetu samaki hakuwa chakula. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa Mmeru aliyesilimu alipoolewa, na dini aliifuata yote, lakini samaki alimwita nyoka wa majini mpaka anaingia kaburini. Baba akasema sawa, twende. Alikubali haraka mno, nami kwa ujinga wangu nikadhani nimemshinda akili.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri kwa kigari changu. Kwenye daraja la Nithi alisoma dua kwa sauti, kama kila mtu anayejua ajali za daraja lile. Tulipoipita Embu na kuanza kuteremka kuelekea Kiritiri, joto likapanda, akavua koti. Hapo ndipo nilipoona mfuko miguuni pake. Ndani mlikuwa na matumbo ya mbuzi ya kufanyia chambo, na kisu chake, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kama siku zote.

“Kisu cha nini, baba?”

“Wewe umeacha simu nyumbani?”

Kisu kile sikuwahi kukigusa. Nilipokuwa mdogo nilinyoosha kidole tu, akaniita jina langu kwa sauti ambayo sijaisahau.

Mwenye boti alikuwa Mmbeere wa makamo, mpole, mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alitupa jaketi za kuokolea, akamfunga baba mikanda.

“Mzee, hii ni lazima. Huku kuna mamba, lakini hawana shida. Wanakaa ile upande ingine.”

“Kama hawana shida, jaketi ni ya nini?” baba akauliza.

Asubuhi yote hatukupata kitu. Mwenye boti alizima injini hapa, akaiwasha, akaizima pale, penye miti mikavu iliyosimama majini. Mimi nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu tangu Meru. Nilianza mara ya kwanza, ndege akatua kwenye mti na baba akataka kujua jina lake. Mara ya pili mshipi wangu ukanasa kwenye kisiki. Nina hasira za karibu, na jua lilikuwa linanichoma shingo, nikaona heri niseme tu yaishe. Nikamgeukia. Alikuwa anakata chambo.

Huyu ni mtu aliyekuwa anakata nusu kilo kwa jicho, akaiweka kwenye mizani na mshale ukasimama palepale. Sasa vipande vilikuwa vinatoka kimoja kikubwa, kimoja kidogo, na kisu kilikuwa kinagonga ubao kabla ya kufika kwenye nyama. Aliinua macho akaniona namwangalia. Akaendelea kukata. Niliumia sana, na hotuba yote nikaimeza.

Aliyesema ni mwenye boti, ambaye hakujua lolote. Baba alikuwa ameshika fimbo, na ncha yake ilikuwa inachezacheza juu ya maji.

“Mzee, hiyo mkono wacha hivyo hivyo,” alisema. “Usikaze. Samaki anapenda chambo ikicheza.”

Nilitamani kuingia chini ya kiti. Baba alimtazama, kisha akautazama mkono wake kama mtu anayeangalia mzigo wa mwenzake.

“Basi samaki wenu hawachagui,” alisema.

Adhuhuri ilipofika aliuliza kibla kiko wapi. Mwenye boti, ambaye ni mtu wa kanisa, alifikiri kidogo, akauliza Maka iko kaskazini au wapi, akaelekeza kule mlima ulikojificha ndani ya mawingu. Aliishika boti isizunguke, baba akaswali ameketi. Nilimpenda mtu yule kwa jambo hilo.

Tulikuwa tunakula ndizi tulizonunua njiani wakati fimbo ya baba ilipopinda. Mwenye boti alimshika mkanda wa jaketi kwa nyuma ili asianguke, lakini hakumsaidia kuvuta. Baba alivuta, akaachia, akavuta, jasho likimtiririka ndevuni, mpaka akatokea kambare mrefu kama mkono wangu, mweusi, naye ana ndevu. Aliangukia katikati yetu, akawa anajipiga huku na huku na kutoa sauti kama ya kukoroma. Kambare hafi upesi. Anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu akikuangalia.

Mwenye boti akachukua rungu lake dogo.

“Wacha,” baba alisema.

Hata sikuona alivyofanya, kwa vile alifanya haraka, kama zamani. Goti moja juu ya samaki, mkono wa kushoto kwenye kichwa, akamgeuza mpaka akaelekea mlima. Kisu kikatoka kwenye kitambaa. “Bismillahi, Allahu akbar,” akasema, kisu kikashuka, kikasimama. Kikasogea juu kidogo. Kikarudi chini.

“Mzee,” mwenye boti akauliza kwa adabu, “unatafuta nini?”

“Shingo,” baba akasema.

Halafu akakumbuka. Kila Muislamu anajua samaki hachinjwi, na yeye mwenyewe amewaeleza hivyo wateja wangapi. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka, nasi tukacheka naye, boti ikayumba. Mwenye boti akammaliza kambare kwa rungu, pigo moja, akatulia.

Kicheko kilipoisha, baba alikuwa bado ameshika kisu, na kisu kilikuwa kinatetemeka mbele ya watu, wala hakukificha.

“Huyu hanihitaji,” alisema. “Mungu ameshanimalizia kazi.” Akakiangalia kisu. “Na mbuzi pia hawanihitaji tena. Si ndio ulikodi boti uniambie?”

“Ndiyo, baba.”

“Ungeniambia nyumbani.”

“Nyumbani ungeenda kuswali.”

Akatabasamu. Alisafisha kisu kwenye maji ya bwawa, polepole, upande mmoja kisha wa pili. “Yule mbuzi aliniangalia,” alisema. Kisha akasema nimwambie kaka yangu atafute mtu wa kuchinja, mtu mwenye mkono uliotulia na roho ya huruma, na kama hapati vyote viwili basi asubiri, afunge bucha hata mwezi. Akakigeuza kisu, akakishika upande wa makali ndani ya kitambaa, akaniletea mpini.

“Mpasue.”

“Mimi?”

“Kaka yako atakikatia vitunguu. Shika.”

Nikakishika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani utotoni, na mpini ulikuwa umelika mahali vidole vyake vilipokaa miaka yote hiyo. Nilikiweka kwenye mgongo wa kambare, mahali sipo, hata mwenye boti akageuka akajifanya anaangalia injini. Baba akasogea karibu, akaweka kiganja chake juu ya changu, akanionyesha pa kuanzia, chini ya tumbo.

“Polepole, mama,” alisema. “Huyu haumii.”