Kuku wa Wavinya na Mfuko wa Kiamaiko

Kuku wa Wavinya hawakujua ukuta. Akiwafungulia asubuhi walitawanyika nyuma ya ploti, pale mtaa wa Baba Dogo, wakichakura majani, wadudu na makombo ya ugali ya majirani, na jioni wakarudi wenyewe. Matumbo yalijaa, lakini mayai yalipungua, na ganda likawa jepesi, ukilishika linabonyea.

Hilo lilimuuma kwa sababu ya Hayat, binti wa jirani yake Kibibi. Hayat alikuwa amejifungua, yumo ndani kwenye arobaini. Wavinya, ambaye naye alikuwa akimnyonyesha Mumo, alikuwa ameshatoa ahadi: "Mzazi hatakosa yai la kienyeji, na mimi nipo."

Mumewe Kiema, mpakiaji wa mbuzi kule machinjioni Kiamaiko, akarudi na mfuko mweusi.

"Damu ya mbuzi, imekaushwa ikasagwa. Wape hii, watataga mpaka washangae wenyewe."

Wavinya akaichanganya na pumba. Kuku wakalivamia beseni, wakipandana migongoni. Na kweli, haikupita wiki, kiota kikajaa.

Alipokuwa akiyapanga mayai kumpelekea Hayat, mkono wake ukasita. Alikumbuka jinsi Kibibi, kila akinunua kuku wa mtaani, humfungia siku tatu kwa nafaka safi kabla ya kumchinja, ili atakate. Sasa kuku waliokula damu, iliyo haramu kwa Waislamu kama Kibibi, je? Akamuuliza Kiema.

"Nyamaza tu," Kiema akasema. "Yai halina mdomo."

"Mimi ninao."

Kibibi alipokuja na bakuli lake, Wavinya akamwamkia, kisha akamweleza yote bila kuzunguka. Kibibi akalirudisha bakuli ndani ya leso.

"Ya leo kuleni wenyewe, Mama Mumo. Mimi siwezi kumpelekea mzazi."

"Nipe muda, mama. Hayat atakula mayai ya kuku hawa hawa."

"Na utawalisha nini, maombi?" Kibibi akamtazama, uso ukalainika kidogo. "Haya. Wafungie, uwape kilicho safi. Halafu tuone."

Wavinya akamrudishia Kiema mfuko wake, akamfunga Mumo mgongoni, akaenda duka la vyakula vya mifugo. Johnson, mwenye duka, akamsukumia gunia lililokuwa karibu.

"Hili bei poa. Linanenepesha hilo!"

"Sitaki wanenepe. Nataka watage."

Akachota kiganjani, akanusa. Ukungu. Akalipita. La pili akalinusa pia, akalisugua kati ya vidole.

"Mama, unanunua chakula ama unachagua mchumba?"

"Mchumba nilichagua haraka, ndiyo maana leo natulia. Hiki kina nini ndani?"

Johnson, huku akicheka, akamsomea maandishi ya gunia: mahindi, soya, dagaa wa omena, chokaa ya kukaza ganda.

"Damu?"

"Hamna."

Akanunua hicho. Kuku wakakaa ndani siku zao tatu wakimpigia kelele, naye hakuwasikiliza. Baada ya hapo akawaachia wachakure mchana kama zamani, na jioni wakirudi wanakuta beseni la chakula cha dukani na maji safi. Kiota kilijaa polepole kuliko wakati wa damu. Wavinya hakurudi nyuma.

Siku Kibibi aliporudi, aliligonga yai moja kwenye ukingo wa bakuli. Halikupasuka. Akaligonga tena, kwa nguvu.

"Kha! Hili yai ama kokoto?"

Kiini kikakaa katikati ya bakuli, kimevimba, rangi ya machungwa. Kibibi akakitazama, kisha akageukia dirisha la kwake.

"Hayat! Mwambie nduguyo abandike kikaango!"