Gari Lililoanzia Kizingitini

Mpira wa patapata ukiguswa na kisu cha moto hutoa moshi mzito unaokwaruza koo. Wiki jana niliunusa kazini, katika karakana ya kuunda bodi za mabasi ambako mimi ndiye mchoraji. Fundi alikuwa akikata mpira wa kuziba mlango, na moshi uliponifikia niliweka penseli chini. Mara nikawa mtaani Kayole, nina miaka kumi, nimechuchumaa nyuma ya nyumba kando ya jiko la makaa, ninakata magurudumu kutoka kwa viatu visivyo vyangu.

Enzi hizo kila mtoto wa ploti yetu, ua mmoja wa nyumba za kupanga, alikuwa na gari la waya. Ulilifunga usukani mrefu unaokufika kifuani, ukakimbia nyuma yake ukinguruma kwa mdomo. Wote walikimbia isipokuwa mdogo wangu Kioko, ambaye miguu yake ilikataa kumbeba tangu kuzaliwa. Mama alimketisha kwenye kizingiti cha mlango kila asubuhi, na hapo ndipo alipokulia hadi miaka sita, akitazama magari ya wenzake yakipita. Siku moja nilimkuta akinguruma peke yake, mikono inazungusha hewa. Iliniuma sana. Nikaapa kwamba shule zikifungwa kwa Krismasi, Kioko atakuwa na gari la kushinda yote, naye ataingia mchezoni.

Nililiunda wiki mbili. Lilikuwa na kibebeo cha mizigo juu, vioo vya karatasi za sigara na taa za vifuniko vya soda. Watoto walinizunguka. "Aki hii gari ni noma!" walisema, na mimi, sikatai, kichwa kilivimba.

Nililiweka mbele ya Kioko. Hakutazama taa wala kibebeo. Alitazama magurudumu, kisha akapaza sauti ploti nzima ikasikia: "Hizo ni patapata za Mama Wanjiru!"

Mama Wanjiru, jirani yetu muuza mboga, alikuwa amezitafuta siku tatu. Nilipata nilichostahili, nanyi hamhitaji kuelezwa zaidi. Lakini fimbo haikuwa kitu. Kilichonichoma ni kwamba usukani ulimpita Kioko kichwa. Aliunyooshea mikono, akaugusa kwa ncha za vidole, gari likapinduka. "Ni ndefu, Mwende," akasema taratibu. "We endesha. Mimi nitaangalia."

Baba alikuwa mchonga vinyago. Alirudi jioni ile kutoka kibandani kwake karibu na Majengo, viatu vimejaa vumbi la mti, akanikuta nimenuna. Aliligeuza gari mikononi muda mrefu.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," akasema, akacheka, maana kipande cha mti ndicho kilichotulisha. "Dereva wake ni nani?"

"Kioko."

"Umewahi kuketi anapoketi?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi simchongi twiga kabla sijajua atakaa wapi. Wa kuwekwa mezani shingo yake si ya yule wa sakafuni. Na gari ni vivyo hivyo, mama. Linaanzia kwa makalio ya mwenyewe. Nenda ukakae."

Alitia koleo langu la kukunjia waya mfukoni. Siku tatu, alisema, na nisisimame kucheza.

Siku ya kwanza nilikaa kwa hasira. Ya pili nikaanza kuona. Kutoka kizingitini dunia ilikuwa magoti, mapindo ya suruali na matako ya ndoo za maji. Kioko alinifundisha kusoma viatu. "Huyo amekasirika, sikia kisigino. Huyo ni Baba Njoro, soli ya kushoto imeliwa upande." Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nilikuwa dada yake kwa miaka sita, na sikuwa nimewahi kuketi pale.

Nilipopewa koleo nilivunja gari la kwanza lote. La pili lilikuwa fupi na pana, halina paa, kwa sababu aliyeketi na kulitazama kutoka juu angetaka kuona ndani. Magurudumu niliyatanua ili yasizame kwenye nyufa za simiti. Badala ya usukani liliongozwa kwa kamba mbili, moja kila mkono: ushoroba wetu ulikuwa na mteremko, kwa hiyo Kioko aliliachilia likashuka, akalipinda kulia na kushoto, kisha akalivuta lirudi. Halikuwa na urembo wowote. "Mbona iko uchi?" waliuliza wale wale walionisifu. Lakini kufikia saa kumi walikuwa wamepanga foleni, na ili kuliendesha ilibidi waketi chini. Ploti nzima iliketi chini, na Kioko ndiye aliyeamua zamu ni ya nani.

Januari alipelekwa shule ya bweni ya watoto walemavu huko Ukambani, karibu na kwa nyanya yetu. Wazazi walikuwa wamejua tangu Oktoba. Alikuja likizo, ndiyo, lakini hakurudi tena kuishi nasi. Leo ni fundi viatu Machakos, na sijui nani angeshangaa. Hata hivyo ninamkosa yule wa kizingitini kuliko ninavyoweza kumwambia kwenye simu.

Siku aliyoondoka alikuwa ameliacha gari mlangoni, kamba zote mbili zimeelekezwa upande niliokuwa nikiketi. Niliketi. Viatu vilipita, nikavijua vyote. Jioni vikaja vile vya vumbi la mti, vikasimama mbele yangu. Sikuinua kichwa. Baba akashusha mfuko wake wa patasi, akajikunja kwa shida, akaketi mahali pa Kioko. Alitazama viatu vikipita.

"Kumbe hapa huoni uso wa mtu," akasema.

Miaka mingi nilidhani alikuwa akinifundisha kuunda magari, na ni kweli, hadi leo siwezi kuchora kiti kabla sijaketi sakafuni, vijana wa karakana wakinicheka. Lakini baba alimpita Kioko pale kila jioni kwa miaka sita, akiwa amesimama. Alinituma mahali alipoogopa kuketi mwenyewe, wakati Kioko alipokuwa bado yupo.