Amri ya Washington ilivyomfikia Peninah wa Al Garhoud

Mvuke unafoka kila Peninah anapoteremsha kifuniko cha pasi kubwa. Anavuta shuka, analinyoosha, analikunja, anavuta jingine. Chumba hiki cha kufulia kipo chini kabisa ya hoteli moja ya Al Garhoud, mtaa wa Uarabuni ulio karibu na uwanja wa ndege, na hakina dirisha.

Habari za nje zinaletwa na redio ya Zahor, mzee mwenye asili ya Unguja anayeshona sare za wafanyakazi. Ndiyo iliyotangaza, mwanzoni mwa mwaka 2025, kwamba rais wa Marekani ametia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje.

“Nilisikia, nikaendelea kupiga pasi,” asema Peninah, mzaliwa wa Nyamira, Kenya. “Mimi na Marekani wapi na wapi?”

Wiki haikuisha, simu ikaita. Mdogo wake, Dancan, fundi wa baiskeli, alikuwa katikati ya matibabu ya kifua kikuu sugu. Dawa zake hazitakiwi kukatizwa. Kliniki yake iliendeshwa na shirika lililotegemea fedha za Marekani, na asubuhi hiyo aliikuta imefungwa, muuguzi amesimama nje akilia.

Tangu hapo Peninah akawa anaitegea redio sikio. Kongresi. Seneti. Rufaa. Mengi hakuyaelewa. Kisha ikaja habari kwamba jaji ameizuia amri ile, na wenzake wakampigia makofi.

Dancan naye alikuwa amesikia. “Siz, korti imesimamisha hiyo maneno,” alimwambia kwa furaha. “Mimi na Boaz tunangoja tu. Watafungua.” Boaz alikuwa jirani yao, mgonjwa wa maradhi hayohayo.

Moyo wa Peninah haukutulia. Akamfuata Zahor, naye akasimamisha cherehani.

“Mfuko wa serikali ni wa Kongresi, bunge lao, mwanangu,” mzee alimweleza. “Wao ndio wanaopitisha pesa. Rais kazi yake kuzitumia kama zilivyopitishwa. Akikataa, jaji anaweza kumzuia. Lakini jaji hana ghala la dawa. Watakata rufaa, watavutana. Utaratibu huo wenyewe wanauita mgawanyo wa madaraka.”

“Na mgonjwa je?”

“Mgonjwa hawamngojei, mwanangu. Wala yeye asiwangojee.”

Peninah aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akatoka kupiga simu akiwa kwenye maegesho, juani.

“Dancan, korti imesema, lakini dawa haijafika. Nenda hospitali ya kaunti leo. Mchukue na Boaz.”

“Huko watanianzisha upya, siz. Zile dawa unajua zilivyonitesa.”

“Basi uanzishwe upya ukiwa hai!”

Anakumbuka kwamba alipiga kelele hadi mlinzi akageuka. Upande wa pili Dancan akasema, “Sawa, dada.”

Dancan alikwenda. Boaz alikataa. Alimwambia Dancan kuwa amri ya jaji ni amri, na hawezi kuhangaika kutafuta kwingine dawa ambayo inarudi kwao. Kliniki haikufunguliwa. Boaz alizikwa kabla ya mavuno ya mahindi.

“Redio haikusema uongo,” asema Peninah, mkono umetulia juu ya shuka. “Jaji kweli alizuia. Boaz alisikia sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma.”

Dancan alianzishwa upya kweli, na kwa miezi mingi alitapika na kukonda. Vipimo vyake vya mwisho havikuonyesha ugonjwa. Sasa anatengeneza baiskeli nusu siku, nusu anapumzika.

Mkataba wa Peninah unakaribia kwisha, na safari hii hatii saini mwingine. Anataka kufungua udobi mjini Nyamira. Lakini kabla ya mashine na pasi, kuna jambo analolitaka kwanza: kuhudhuria kikao cha wananchi cha kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, ambacho hajawahi kukanyaga maishani.

“Nitakaa mbele,” asema. “Niwaulize: dawa za watu kama Dancan mmezitengea pesa zetu wenyewe, ama bado tunangoja za wengine?”