Waya Nilioukata kwa Kisu

Fundi wa kebo wa mtaani kwetu tulimwita Ngazi, maana hatukuwahi kumwona bila ngazi begani. Miaka kumi na mmoja amepanda nguzo zetu, mtu mpole, maneno machache. Waya ule ule mweusi unaotuletea televisheni ndio unaotuletea intaneti, na mtaa mzima tumeunganishwa pamoja.

Basi intaneti ikaanza kukatika kila jioni. Binti wa jirani, anayefanyia kazi ya kompyuta nyumbani, akamjia juu.

"We Ngazi, huko juu unapanda kupunga upepo?"

Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikachomekea: "Labda anatafuta mtandao mbinguni."

Akatabasamu tu. Tukaja kusikia bosi wake amempa mpaka Ijumaa. Asipolipata tatizo lilipo, kazi basi. Nikamwombea kwa machozi.

Alhamisi jioni akabisha hodi.

"Dada, samahani. Imebaki nyumba yako tu."

Akauchomoa waya wangu ukutani, akatazama kipimo chake kidogo, akashusha pumzi.

"Kelele imekwisha."

"Kelele gani, kaka? Mbona kimya?"

"Ya ndani ya waya. Unachotuma wewe na wanachotuma wenzako vinapita njia moja. Kiungo kimoja kikilegea, uchafu unaingia hapo, unawafunika wote. Nani ameukata huu?"

Mimi. Niliukata kwa kisu cha jikoni, nikasokota ncha na kuzifunga kwa utepe wa gundi, ili nipate televisheni ya pili chumbani. Kila jioni nilijilaza nikisikiliza mahubiri, huku nikiwakatia wenzangu intaneti.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Usijali, dada," akasema. "Nitaandika kiungo kimeoza."

"Na viungo ni kazi ya nani?"

Akainamisha kichwa. "Yangu."

Nikamwomba ampigie bosi wake, nikaichukua simu.

"Bwana, waya nimeukata mimi. Fundi wako hana kosa."

Akauliza: "Kwa nini, mama? Kwa kifaa gani?"

"Kwa kisu. Nilitaka kutazama nikiwa kitandani."

Kumbe alikuwa ameweka spika; nikasikia ofisi nzima ikicheka. Nyuma yangu mlangoni alisimama binti wa jirani, amesikia yote. Hakunitania, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kazi ya Ngazi ilibaki. Siku hizi akipita namsalimu mimi kwanza, ila macho yangu huishia kwenye viatu vyake.