Kapu la Bi Yumna

Sidi Chonga alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa wa kupelekwa hospitali: hakuweza kuona nusu ya kitu bila kujitengenezea nusu ya pili. Ukimwonyesha mkia, yeye alishamwona ng'ombe mzima, na mwenye ng'ombe, na ugomvi alio nao na jirani yake. Watu wa Bondeni, alikoishi chumba kimoja na binti yake Dama, walisema mama huyu ana mdomo. Walimwonea. Mdomo alikuwa nao wa kawaida. Kilichozidi ni kichwa.

Kazi yake ilikuwa mahamri na mbaazi za nazi. Alfajiri alikaanga Bondeni, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshapanga sufuria zake Kibokoni, kwenye baraza ya nyumba moja ya ghorofa, jirani na Khubaib fundi cherehani. Kila mteja alikuwa amemtungia maisha. Mwalimu aliyekula kwa haraka alikuwa akimkimbia mkewe. Kijana wa bandarini aliyependa mchuzi mwingi alikuwa ameachwa na mchumba. Mara chache alipatia na mara nyingi alikosea, lakini mahamri yaliisha na siku ilipita kwa raha.

Aliyemtungia zaidi ya wote ni Bi Yumna, naye hakuwahi kumwona uso. Bi Yumna alihamia ghorofa ya juu ya nyumba hiyo miaka mitatu nyuma, na tangu siku ya kwanza alishusha kapu la ukili kwa kamba kutoka dirishani, kama wanavyofanya wanawake wengi wa nyumba za juu pale mjini. Ndani mlikuwa na bakuli na pesa. Ukiinua macho uliona mkono wenye hina na ncha ya mtandio, basi. Kisha kikohozi kidogo, na sauti:

"Sabalkheri, Bi Sidi."

"Sabalkheri, Bi Yumna. Waonaje hali?"

"Alhamdulillahi. Nitilia mahamri matatu na mbaazi. Karibu juu."

"Starehe, Bi Yumna."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kila siku, neno kwa neno. Mombasa mtu akikwambia karibu, wewe husema starehe, na kila mmoja akaendelea na lake. Ukimfuata kila anayekukaribisha ukaketi kweli, utafika nyumbani umevimbiwa na jina limeharibika.

Kwa mkono ule na kikohozi kile, Sidi akaumba mtu. Bi Yumna wake alikuwa mrefu, mwembamba, shingo ndefu, mjane wa nahodha aliyezikwa Maskati. Aliketi kwenye kiti cha kuchonga akinywa kahawa taratibu, na alikuwa na akili za kuwagawia watu wa mtaa mzima zikabaki. Sidi alimtilia mahamri yaliyofura vizuri kuliko yote. Akirudi Bondeni alisema, "Rafiki yangu Bi Yumna aliniambia," kisha akaeleza jambo ambalo Bi Yumna hakuwahi kulisema maishani mwake. Angeweza kumuuliza Khubaib huyo mama yukoje, maana Khubaib alishampelekea nguo juu. Hakuuliza; alimsifia tu shingo ya Bi Yumna, naye Khubaib akishona na kucheka. Raha yake ilikuwa imekamilika, akauchokonoe ukweli wa nini?

Wala usimcheke haraka. Dama alipopata mimba na yule kijana akahama mji bila kuaga, Sidi alianza kumtupia binti yake nguo nje. Usiku ule, kifua kikimwaka, alimuuliza yule Bi Yumna wa kichwani, naye akamjibu kwa upole: mwana ni wako, na mjukuu ni wako, ukiwafukuza utabaki na mlango tu. Sidi akaokota nguo za Dama, akazikunja. Mtoto alipozaliwa wakamwita Kingi.

Basi huyo Kingi akawa halali usiku. Analia tangu magharibi mpaka watu wanaamka. Kila asubuhi Sidi alimsimulia Khubaib, kwa sauti ya kushindana na cherehani, jinsi mtoto alivyoshtuka na jinsi alivyokaza ngumi.

Asubuhi moja kapu likashuka kama kawaida. Sabalkheri, alhamdulillahi, mahamri matatu, karibu juu, starehe. Sidi alipotoa bakuli akakuta chini yake kifurushi kidogo cha kitambaa chekundu, kimefungwa uzi mweusi kwa mafundo mengi. Akainua macho. Mkono wa hina ulikuwa umeweka kidole kimoja hewani, kama mtu anayesema nyamaza. Kisha dirisha likafungwa nusu.

Hapa lazima uambiwe habari ya shangazi yake Sidi. Huko kwao Kaloleni, Sidi akiwa msichana, kitambaa chekundu kama kile kiliokotwa mlangoni mwa mtu, na kabla ya jua kuchwa watu walikuwa wameshakubaliana kuwa ni cha shangazi, na kuwa shangazi ni mchawi. Hakuna aliyeuliza la pili. Shangazi aliondoka na mkeka wake na hakurudi, na Sidi, aliyempenda kuliko mamake, alimwona akishuka njia bila hata mbwa wa kumsindikiza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini ajabu ya binadamu ni hii: badala ya kuogopa neno lile lililomfukuza shangazi, Sidi aliogopa kitambaa.

Hakukifungua. Alikibana kwa ncha za vidole, akakitia ndani ya kopo tupu la samli, akafunika. Harufu mbaya ilimfikia puani, nzito, ya kuoza, na moyoni akasema: hii ni harufu ya kaburi.

Kuanzia hapo yule Bi Yumna mrefu mwenye shingo akageuka. Hakubadilika hata unywele mmoja, maana mkono ulikuwa uleule na kikohozi kilekile. Aliyebadilika ni mpishi wake, kichwa cha Sidi. Kwa nini hajitokezi? Ana la kuficha. Kwa nini mahamri matatu kila siku, si mawili, si manne? Kuna hesabu hapo. Kidole kile hewani? Alikuwa akinuia. Na kwa nini Kingi halali, kama si mtu anayemsikiliza bibi yake kutoka juu kila siku? Kikulacho ki nguoni mwako, Sidi akajisemea, na machozi yakamtoka, kwa hofu na kwa uchungu wa kumpoteza rafiki ambaye, tukisema kweli, hakuwahi kuwa naye.

"Khubaib," akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka kona ya pili, "huyu mama wa juu amenitupia kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu. Wewe hujui ni kitu gani?"

Akahamisha sufuria zake akaenda kuketi baraza nyingine, upande wa pili wa njia, hatua chache tu. Khubaib naye ni mtu mzuri, lakini neno kwake ni kama kitambaa: halikai bila kukatwa na kushonwa. Alipompimia mteja suruali alimpa na habari. Kesho yake kapu la Bi Yumna likashuka, likaning'inia juu ya baraza tupu. Waliopita walilikwepa kwa kuinamisha bega. Mpwawe Bi Yumna, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa akitoka alfajiri kwenda bandarini na kurudi jioni. Hakukuwa na mwingine wa kulijaza. Liliyumba hapo mpaka jua likaingia njiani, ndipo likapanda polepole, jepesi.

Siku iliyofuata likashuka tena, na baada yake tena. Sidi aliliona kutoka ng'ambo na akajikaza asilione.

Kopo nalo lilikuwa nje ya mlango wake Bondeni, nyuma ya gunia la makaa, na lilimnyima usingizi kuliko Kingi. Jumapili akaamua. Akalitia mkobani, akaenda Mama Ngina alitupe baharini. Ilikuwa jioni, watu wamejaa, watoto wanalia wataka madafu. Rafiki yake Wendy Nasipwondi alikuwa hapo na jiko lake, akiuza mihogo ya kuchoma na pilipili ya ndimu. Wendy ni mtu wa Bungoma, ameolewa na mfanyakazi wa reli, na hana subira na mafumbo.

"Mama Dama, mbona umekumbatia mkoba kama una bomu?"

Sidi akamweleza yote. Wendy akafuta mikono, akanyoosha kiganja.

"Lete."

"Wendy, usikiguse!"

"Miaka yote hii nashika makaa kwa vidole. Kitambaa kitanifanya nini?" Akakata uzi kwa kisu cha mihogo. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Ala! Kitu kimeoza hiki. Na hizi mbegu nyeusi ni za nini? Na hiki hapa…"

Sidi akafungua jicho moja. Kiganjani mwa Wendy mlikuwa na kipande cha mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka, punje za habasoda, na kikuku kidogo cha fedha, cha mkono wa mtoto mchanga.

Mvuje! Hakuna mtoto wa pwani asiyeujua mvuje. Sidi mwenyewe alifungwa mvuje akiwa mchanga, naye alimfunga Dama kwa mikono yake, kitambaa hivyohivyo, ili mtoto asishtuke usiku na jicho baya lipite mbali. Harufu ile alizaliwa nayo. Sasa ilikuwa imempita puani siku zote zile ikawa harufu ya kaburi, kwa kuwa kichwa kilishaamua kabla ya pua. Na kidole cha Bi Yumna hewani kilikuwa kidole cha mama yeyote mwenye adabu: la mtoto mchanga halipigiwi kelele njiani.

"Sasa mbona walia?" Wendy akauliza. "Si ni zawadi?"

"Nimemfanya kama alivyofanywa shangazi yangu," Sidi akasema. Wendy hakuelewa, lakini aliona si wakati wa kuuliza, akampa muhogo.

Asubuhi yake Sidi hakupeleka sufuria ng'ambo. Alizirudisha kwenye baraza yake ya zamani, akatoa bakuli lake mwenyewe, akalijaza mbaazi, akaweka mahamri juu, akaingia mlangoni kwa mara ya kwanza tangu amjue Bi Yumna. Ngazi zilikuwa nyembamba na wima, giza limekaa humo. Alipanda huku akitamani zisiishe, maana kule juu mwisho wake ni uso wa mtu.

"Hodi!"

Kikohozi. "Karibu."

Bi Yumna alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi na mnene, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, miguu imefungwa vitambaa magotini, na usoni alikuwa na vishimo vya mashavu kama mtoto mtundu. Hakukuwa na nahodha wala kiti cha kuchonga. Sidi alisimama mlangoni, bakuli mkononi, akimtafuta yule malkia na yule mchawi, na hakumwona hata mmoja.

"Bi Yumna," akaanza, "nimekuja… nilimfunga mtoto mvuje wako jana usiku, amelala. Amelala mpaka asubuhi. Na mimi nilikuwa nimesema…"

"Nalisikia."

Sidi akalitazama dirisha.

"Sauti hupanda, mwanangu. Dirisha hili lachukua kila neno la njiani. Miaka mitatu wanisifu kwa Khubaib, nami nasikia. Bi Yumna mrefu, Bi Yumna ana shingo. Nacheka peke yangu mpaka magoti yauma." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Na hilo jingine nalo nalisikia. Hilo sikucheka."

Sidi akaketi chini, palepale kwenye sakafu, akaweka bakuli kando, akashika miguu ile iliyofungwa vitambaa. "Niwie radhi, Bi Yumna. Nimekuzulia."

"Umenizulia mara mbili. Ile ya kwanza nakuachia."

"Na bado ulikuwa washusha kapu kila siku. Wajua hakuna wa kulijaza."

"Nilisema, nisiposhusha, itakuwa nimekubali. Kapu likishuka watu wajua hapa pakaa mtu ala mahamri kama wao." Akamtazama. "Lakini nawe, Bi Sidi! Kila siku nakwambia karibu juu. Magoti haya hayashuki ngazi. Nakwambia karibu, nawe waniambia starehe. Mimi nafikiri, huyu ajivuna, hataki kupanda kwangu. Nilikuona mtu mwenye kiburi, na mrembo, maana kutoka hapa naona leso ya kichwa tu."

"Nilidhani wasema tu. Kama watu wasemavyo."

"Nilikuwa nakwita."

Sidi alikuwa amezungumza na mama huyu miaka mitatu kichwani mwake, akamuuliza mambo makubwa ya nyumba yake, na Bi Yumna mwenyewe alikuwa hapa juu akimwita kila asubuhi. Akamsimulia habari ya Dama na zile nguo, na jibu alilopewa usiku ule.

"Nilisema hayo mimi?" Bi Yumna akauliza, macho yakimng'aa.

"Ulisema. Kichwani mwangu."

"Basi nilisema kweli. Mlete huyo Kingi nimwone."

Sidi akainuka, akaenda dirishani. Chini aliona utosi wa Khubaib na kofia yake, na vichwa vya watu wawili waliosimama kumsikiliza, na alijua wanachosikiliza. Alishika lile kapu la ukili, akalishusha kwa kamba mpaka likamgonga Khubaib begani. Khubaib akaruka.

"Khubaib! Ni mimi, tazama juu! Nilisema uongo, nawe umeushona. Kile kifurushi kilikuwa mvuje wa mjukuu wangu. Waambie na hao wenzako, na waliokwisha kwenda."

Njia nzima ikatazama juu. Khubaib akavua kofia, akaivaa tena. "Haya, Bi Sidi. Sabalkheri, Bi Yumna!"

"Sabalkheri," Bi Yumna akajibu kutoka kitini, akijifunika mtandio vizuri. "Mwambie akaribie, na mkewe."

"Karibuni juu!" Sidi akaita.

"Starehe!" Khubaib akajibu, akarudi kwenye cherehani yake.

Bi Yumna akampigia Sidi jicho, kama kusema, waona? Sidi akaegemeza kifua chote kwenye dirisha.

"Sikukwambia ustarehe, Khubaib. Nimekwambia panda!"